Chaja tatu kwa gari moja lisilotembea

Tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma, Julai 2024, gari langu liko likizo. Kazi yangu iko Dodoma, nyumba na watoto wako Kimara, Dar es Salaam. Zamani nilikuwa nashika usukani Jumatatu saa tisa usiku ili niwahi kazini, mgongo unauma mpaka Jumatano. Siku hizi napanda treni, nalala, naamka nimefika. IST yangu inabaki chini ya banda la mabati, wiki moja, mbili, safari nyingine hata tatu.

Nilidhani nimelipumzisha. Kumbe gari lililosimama nalo linakula.

Mara ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya send-off ya binamu yangu. Nimeshajipamba, gauni la sare, viatu mkononi, nabonyeza rimoti: kimya. Nikafungua mlango kwa ufunguo wenyewe, nikawasha. Tik-tik-tik-tik, taa za dashibodi zikafifia kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Gari la otomatiki huwezi kulisukuma likawaka. Ikabidi nikagonge kwa mzee jirani.

"Shikamoo, mzee. Gari limegoma."

"Marahaba, mwanangu. Limegoma au limelala njaa?"

Akasogeza Noah yake, tukashtua kwa nyaya, nikaondoka. Jumatatu nikamwita fundi, akaitazama betri mara moja tu. "Hii imekufa, dada. Nunua mpya." Nikatoa laki mbili na kumi, nikafunga mpya. Baada ya wiki nne nikarudi kutoka Dodoma, nikabonyeza rimoti. Kimya kilekile.

Hapo ndipo nilipoacha kuamini macho ya mtu yeyote nikanunua multimita, kile kipimo cha umeme. Ya kawaida kabisa, elfu ishirini na tano, nayo imenirudishia fedha yake mara nyingi. Betri ya volti 12 ya risasi na asidi, ikiwa imejaa na imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa wala kutumika, husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.4 imebaki kama robo tatu. 12.2 ni nusu. 12.0 ni robo. Yangu, mpya ya mwezi mmoja, ilisoma 11.3. Na tatizo si kwamba imeisha tu. Betri ya aina hii ikikaa tupu siku nyingi, salfati ya risasi huganda kwenye sahani zake na kuwa fuwele ngumu, na sehemu ile haipokei tena chaji. Kila ukiiacha ifike chini, inarudi ndogo kuliko ilivyokuwa. Ndiyo maana unaambiwa imekufa ilhali uliiua mwenyewe kidogo kidogo.

Kabla ya kununua chaja nilitaka kujua nani anakula. Nikaishtua, nikaichaji kwa fundi, kisha nikafungua waya wa hasi na kuweka multimita katikati, upande wa ampea 10. Milango nimefunga, ufunguo nimeupeleka ndani, nikangoja nusu saa mpaka vikompyuta vya gari vilale. (Usiwashe gari multimita ikiwa imeungwa hivyo, utachoma fyuzi yake, au yenyewe.) Ikasoma 0.31. Gari zima likiwa limelala halipaswi kuzidi kama 0.05 hivi. Hesabu ni rahisi: 0.31 mara saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 7 kwa siku, na betri yangu ina 45. Siku sita, kwaheri.

Nikaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mtoto wangu wa kwanza akinisomea namba. Tulipochomoa ya redio namba ikashuka mpaka 0.03, mtoto akapiga kelele kama Simba wamefunga goli. Ni ile redio ya Android yenye skrini kubwa. Aliyeifunga aliunganisha waya mwekundu na wa njano pamoja, wakati wa njano ndio unaotakiwa kuwa na umeme muda wote na mwekundu ungoje ufunguo. Kwa hiyo redio ilikuwa haizimi, inafunga macho tu. Fundi umeme akazitenganisha kwa elfu kumi na tano.

Mtu angesema basi yameisha. Hapana. Hata 0.03 kwa wiki tatu ni ampea-saa 15, theluthi ya betri, na bado hujahesabu chaji inayopotea yenyewe kwa joto la Dar. Tena mimi wikiendi naendesha Kimara mpaka Ubungo na kurudi, kwenye foleni, kiyoyozi kikivuma. Altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haipati muda wa kurudisha kilicholiwa. Betri yangu ilikuwa inaishi nusu shibe maisha yake yote. Nikaamua kununua chaja ya kuacha imeunganishwa.

Chaja ya kwanza niliinunua Kariakoo kwa kuipima uzito. Kweli. Nilizinyanyua mbili, nikachukua nzito, kwa imani kwamba kitu kizito ni kitu cha maana. Muuzaji akanisifia. Ilikuwa chaja ya kizamani: transfoma, sindano inayocheza kwenye kioo, na swichi ya "juu" na "chini". Nikaichomeka Ijumaa usiku, nikalala. Alfajiri bandani kulikuwa na harufu ya mayai viza. Betri ukiigusa ina joto kama chupa ya chai, na multimita inasoma 15.6. Chaja ya namna ile haijui kwamba betri imeshiba. Inaendelea kulisha, umeme unayavunja maji ya ndani kuwa gesi, na sehemu ya gesi hiyo ni haidrojeni, ambayo cheche moja inatosha kuilipua. Nilizima kwanza ukutani, nikafungua banda, nikakaa mbali mpaka jua likatoka. Chaja ile ina kazi yake kwa fundi anayeisimamia. Si ya kuachwa na mtu aliyeko Dodoma.

Ndipo nikaanza kuelewa "smati" inamaanisha nini, maana neno hilo sasa linabandikwa kwenye kila kitu mpaka pasi. Chaja yenye akili inakwenda kwa hatua. Kwanza inasukuma ampea zake zote mpaka betri ifike kama volti 14.4. Halafu inashikilia hapo huku ampea zikipungua zenyewe, kwa sababu betri inayokaribia kujaa inakataa. Ikishajaa, chaja inashuka mpaka kama 13.5 na kubaki hapo, ikitia tone moja moja tu kufidia kinachovuja. Hatua hiyo ya tatu ndiyo unayoinunua. Kama kwenye boksi hakuna maelezo ya hatua hiyo, kama wanasema tu "inajizima ikijaa", uliza inawaka tena lini. Nyingine haziwaki tena mpaka uziguse.

Ya pili, basi, ilikuwa smati. Ndogo, nyekundu, kioo cha namba, ampea 6, elfu hamsini. Wikiendi nzima niliilinda kama mgonjwa: ikapanda 14.4, ikashuka 13.6, ikatulia. Nikaondoka Jumatatu roho imetulia. Nikarudi baada ya wiki mbili, kioo cha chaja kinawaka vizuri, kimeandika 12.1.

Nilikaa chini kwenye ndoo nikaitazama. Umeme upo, vibano vimekaza, fyuzi nzima. Nikachomoa kwenye soketi, nikachomeka. Kioo kikawaka, kikaonyesha volti ya betri, basi. Haichaji. Inangoja mtu abonyeze kitufe kuchagua aina ya betri, ndipo ianze. Umeme ulikatika siku moja, labda dakika kumi tu, na uliporudi chaja ikasimama pale ikingoja kidole changu, nami niko kilomita mia nne na ushee. Si ajabu kioo chake nacho kilikuwa kinajilisha kutoka kwenye betri ileile.

Hakuna aliyenidanganya hapo; kwenye karatasi ya maelezo imeandikwa, kwa herufi za kusomwa na sisimizi. Ila wanaoandika ushauri wa chaja huko nje hawaitaji hali hii kwa sababu umeme wao haukatiki. Kwetu, hilo ni swali la kwanza kabla ya ampea.

Safari ya tatu nilikwenda dukani na betri. Nilimkodi bajaji, betri miguuni, vibano vyangu mkononi. Kijana wa dukani akacheka.

"Dada, unataka tuijaribu hapa hapa?"

"Hapa hapa, kaka. Chomeka, chagua, ikianza kuchaji chomoa ukutani."

Akafanya. Nikahesabu mpaka thelathini. "Rudisha." Ya kwanza aliyoleta ikarudi kwenye menyu. Ya pili ikawaka, ikamulika taa moja, ikatulia. Ya tatu ikawaka, ikafikiri sekunde tano hivi, taa ya kuchaji ikawaka yenyewe bila mtu kuigusa. Tukarudia mara tatu, hadi wateja wengine wakaanza kutazama. Ile ndiyo nikaichukua. Laki moja na sitini, zaidi ya mara tatu ya ile nyekundu, na sikuomba punguzo sana, niliona aibu kwa muda niliompotezea.

Mengine niliyoangalia yalikuwa madogo, lakini niyataje. Ampea: kwa betri, kumi kwa mia ya ukubwa wake inatosha, kwa hiyo yangu ya 45 inataka 4 au 5. Kubwa zaidi ni ya mwenye haraka, nami sina haraka, nina wiki mbili. Na usisome ukubwa kwenye namba kubwa ya juu ya betri. Yangu imeandikwa 55B24L na kijana wa duka la kwanza aliniapia ni ampea-saa 55. Ile 55 ni daraja la uwezo tu kwa mtindo wa Wajapani. 24 ndiyo urefu wa boksi kwa sentimita. Ampea-saa zimeandikwa pembeni.

Joto nalo. Betri ikiwa ya moto inahitaji volti pungufu kidogo, kama volti 0.02 kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Banda langu la mabati mchana linafika 35 bila taabu, kwa hiyo chaja inayopima joto na kujishusha ina maana zaidi Dar kuliko Stockholm. Yangu inafanya hivyo. Vilevile kitufe cha "kutengeneza betri", kile kinachosifiwa sana: kwenye chaja nyingine kinapandisha volti karibu 16. Kikitumiwa betri ikiwa imefungwa kwenye gari unahatarisha kompyuta za gari. Mimi sikigusi. Mwenye gari lenye mfumo wa kuzima injini kwenye taa za barabarani, au haibridi yenye betri ndogo kule kwenye buti, aangalie kama betri yake ni AGM (ile ambayo asidi yake imefyonzwa kwenye mikeka), kisha achague chaja yenye hali hiyo.

Umeme haunisumbui. Betri yangu ikiwa tupu kabisa mpaka ijae haimalizi uniti moja ya LUKU, na ikishajaa inalamba tu.

Kuunga nafanya hivi kila mara: chanya kwenye betri, hasi kwenye chuma cha bodi mbali na betri, ukutani mwisho. Kufungua, ukutani kwanza. Sasa nimerahisisha, nimefunga ule waya wake mfupi wenye vishikizo vya duara moja kwa moja kwenye betri, una fyuzi yake, mdomo wake unachungulia kwenye grili. Sifungui hata boneti. Hasara ya urahisi huo ni kwamba Jumamosi moja nilirudisha nyuma gari nikaburuta chaja, ekstensheni na ndoo ya mama wa kazi mpaka getini. Tangu siku hiyo ufunguo wa gari unatundikwa kwenye msumari juu ya soketi ya chaja, na siwezi kuuchukua bila kuona ile taa ya kijani.

Betri sasa ina mwaka na miezi. Nikiichomoa Ijumaa usiku, asubuhi inasoma 12.7.

Mzee jirani alikuja mwezi uliopita kuuliza kama "kale kamashine" kanaweza kuchaji Noah, maana tangu astaafu nayo inashinda imesimama. Tukasoma pembeni mwa betri yake pamoja, yeye na miwani yake, mimi na tochi ya simu. Kanaweza, kanachelewa tu. Kwa hiyo wikiendi chaja inahamia kwake. Jumapili jioni anairudisha mwenyewe, waya ameukunja vizuri kuliko ninavyoukunja mimi.