Mama, prednisoloni na upasuaji wa nyongo

Mama yangu humeza prednisoloni, dawa ya jamii ya steroidi, miligramu 10 kila siku kwa sababu ya baridi yabisi, miaka sasa. Ilipoamuliwa atolewe kifuko cha nyongo chenye mawe, ndugu zetu wa Ukerewe walimshauri aache vidonge mapema ili kidonda kipone haraka. Hofu yao ina msingi: dawa hizi huchelewesha kidonda na kurahisisha maambukizi. Lakini kuziacha ghafla ni hatari zaidi, na hapo sikukubali kuyumbishwa.

Nilikusanya makasha ya dawa na karatasi za kliniki, tukapanda kivuko Nansio hadi Mwanza, nikaomba tumwone daktari wa usingizi kabla ya siku yenyewe. Akauliza anameza kiasi gani, tangu lini, na mara ya mwisho ni lini. Kisha akamgeukia mama.

"Mama, juu ya figo zako kuna tezi ndogo zinazotoa homoni ya kuubeba mwili wakati wa shida. Ukimeza vidonge hivi muda mrefu, zinalala. Tukikupasua zimelala na vidonge umeacha, presha inaweza kuporomoka."

"Kwa hiyo asubuhi nimeze?"

"Umeze, kwa maji kidogo tu."

Akameza. Alipopewa dawa ya usingizi alichomwa pia haidrokotisoni, steroidi inayoziba pengo la homoni hiyo, miligramu 100 kwenye mshipa, na dawa hiyo ikaendelea kwa dripu mpaka alipoweza kula na kurudia vidonge vyake.

Presha ilitulia. Sukari ilipanda, ingawa hana kisukari. Manesi walimpima kidoleni hadi ikashuka. Kazi kubwa ilikuwa kidonda. Steroidi hufunika homa na maumivu, kwa hiyo kidonda kinaweza kutunga usaha mwili usichemke. Kila kilipofunguliwa niliomba nami nitazame: wekundu, uvimbe, majimaji. Nyuzi zake ziliachwa muda mrefu kuliko za mgonjwa wa kitanda cha pili, akanung'unika sana, masikini. Nilimpelekea sato wa kuchemsha na maharage, maana kidonda kinataka protini.

Kilifunga vizuri. Kwenye jalada la daftari lake la kliniki nimeandika kwa herufi kubwa kwamba anatumia prednisoloni na isikatizwe ghafla. Hulibeba kila aendako, ili akipata ajali, au akitapika hata vidonge visikae tumboni, atakayempokea ajue anahitaji haidrokotisoni ya sindano.