Shimo la Mita 62

Juni 2003 nilikuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo Dumila, Morogoro, na kichwani nina kanuni ya mfuatano wa namba zinazopishana sawasawa, niliyoikariri wiki moja kabla shule haijafungwa: An = A1 + (n − 1)d. A1 ni namba ya kwanza, d ni tofauti ya namba moja na inayofuata, An ni namba iliyo nafasi ya n. Darasani hakuna aliyeuliza ile "toa moja" inatoka wapi. Hesabu tulifundishwa kwa Kiingereza, na neno la kutajia kila namba ya mfuatano ndilo lile lile la muhula wa shule: "term". Nusu kipindi nilidhani mwalimu anazungumzia ada.

Baba mdogo alikuwa anazungushia shamba seng'enge. Nguzo za mjohoro: ya kwanza mita 2 kutoka kona ya banda, halafu kila baada ya mita 3. Akataka ya 20 ichimbiwe kwanza, avute kamba mpaka pale ili mstari unyooke.

"Msomi, itaangukia wapi?"

"Mita 62, baba," nikajibu papo hapo. Mbili, jumlisha 20 mara 3.

Nikapima, nikachimba. Udongo wa kule ni mweusi, ukikauka mtaimbo unadunda kama umegonga reli. Kufika adhuhuri viganja vimetoka malengelenge, shimo ndiyo kwanza linafika magotini. Yeye akawa anakuja nyuma na vijana wake: 2, 5, 8, 11... Nguzo ya 19 ikaangukia mita 56. Akatazama shimo langu. Mita 6 nzima!

Hakugomba. Akachukua kipande cha kamba, akapiga mafundo matano.

"Hesabu mafundo."

"Matano."

"Hesabu nafasi za katikati."

Nne.

"Wewe umehesabu nguzo. Mita tatu tatu ziko kwenye nafasi. Ile ya kwanza ina mbili zake, basi."

Nikaandika chini kwa kijiti: 2 + 19 × 3 = 59.

"Na ya 50, ya mwisho?" Nikiwa bado nazidisha 49 kwa 3, yeye keshasema 149. Kila nguzo kumi ni mita 30, kwa hiyo 59 ongeza 90. Darasa la saba huyo.

Kwa aibu nikashika jembe, nikaanza kulifukia lile shimo. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Sasa unafukia nini, mwanangu? Hilo ndilo la nguzo ya 21."