Usiku Runrig walipoaga

Agosti 2018 nilikuwa nasomea ufugaji wa samaki Stirling, Uskoti, nikiwa nimepanga chumba kwa mzee mmoja mzaliwa wa kisiwa cha Skye. Asubuhi moja akanisukumia tiketi mezani. Runrig, bendi ya kwao, wanaaga, akasema, na yeye haendi peke yake.

Runrig nilikuwa nawasikia jikoni tu, mzee akiosha vyombo. Njiani kuelekea uwanjani, chini ya ile ngome ya Stirling, akanimwagia historia yote: walianzia Skye 1973 wakiwa bendi ya dansi, nyimbo walitunga ndugu wawili, Rory na Calum Macdonald, albamu ya kwanza, ya 1978, ikaimbwa Kigaeli, lugha ya jadi ya huko. Miaka 45! Nikawakumbuka Msondo Ngoma wetu, walioanza 1964 wakiitwa NUTA Jazz, ila hao kuaga hawana mpango.

Aliyenikamata ni Malcolm Jones. Gitaa lake la umeme lilikuwa linalia kama zumari zao za mfuko: noti moja anaivuta, anaipinda kidogo, haiachii mpaka ngoma za Iain Bayne ziingie. Nilikuwa nimejiandalia uso wa msibani. Wapi! Watu walikuwa wanaruka. Mbele yetu familia kutoka Denmark imejifunga bendera mabegani, baba anaimba Kigaeli neno kwa neno.

Kisha akapanda Donnie Munro. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya bendi tangu miaka ya 70 mpaka alipoondoka 1997 kwenda kwenye siasa, na nafasi yake ikachukuliwa na Bruce Guthro, Mkanada. Uwanja ukalipuka. Mzee akavua kofia, akanikamata mkono kwa nguvu nisizomdhania, na hakuuachia wimbo wote.

Walipofika kwenye wimbo wa Loch Lomond, wenye jina la ziwa la hukohuko Uskoti, hakuna aliyehitaji spika. Nilikumbatiwa na watu nisiowajua, nikakanyagwa, nikaimba kiitikio nilichojifunzia palepale.

Kurudi nyumbani ilikuwa ubishi mtupu. Nilimwambia mzee kwamba kwangu mimi Guthro ndiye mwimbaji hasa; sauti yake ina mchanga, inafaa habari za kuagana. Akasimama katikati ya njia.

"Wewe umewajua jana," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye onyesho lao pale ziwani Loch Lomond 1991, Munro akiimba. Nyamaza."

Sikunyamaza. Tulibishana mpaka getini, na kesho yake kwenye chai tukaendelea.