Alama ya kidole kwenye shaba

Jambo la kwanza nililofanya ndani ya maabara ile lilikuwa kuharibu mali ya watu. Ilikuwa Januari 2023. Juu ya meza ya chuma palikuwa na pete ya shaba inayong'aa, upana wake kama kiganja, nami mkono ukatangulia akili: nikaiokota, nikaigeuzageuza. Mama mmoja mwenye koti la bluu alikuwa amepiga magoti nyuma ya mtungi mkubwa wa chuma. Bila kuinuka akauliza:

"Umeishika bila glavu?"

Nikakiri.

"Basi iweke pembeni. Hiyo haina kazi tena."

Huyo ndiye alikuwa mwanasayansi mkuu wa kampuni yenye maabara ile, kampuni iliyokuwa inatafuta nishati ya nyuklia ya aina mpya. Wenzake walimwita Profesa, nami nikafuata. Lakini sikuwa nimekwenda kumwona yeye. Mimi ni mwandishi wa habari, nilikwenda kumhoji mwanzilishi wa kampuni hiyo.

Wakati ule nilikuwa na mwaka wa pili nikifanya mazungumzo na watu wanaotengeneza vitu ambavyo zamani havikuwepo: kompyuta za kwanta, dawa za kuhariri jeni, roketi za kutumika tena na tena. Nilikuwa na swali moja nililolipenda kuliko yote: lini? Swali hilo halikuwahi kuniangusha. Waanzilishi hulijibu kwa tarakimu, na tarakimu hutengeneza kichwa cha habari kizuri.

Zamu hii mada ilikuwa myeyungano wa nyuklia, yaani kuunganisha viini vya atomu nyepesi ili vitoe nishati, kama linavyofanya Jua. Dunia nzima ilikuwa inauzungumzia. Tarehe 13 Desemba 2022 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba maabara ya Livermore, California, imefanikiwa kupata nishati nyingi kuliko ile ya leza zilizopiga shabaha, yaani punje ndogo ya fueli: megajuli (kipimo cha nishati) 2.05 ziliingia, megajuli 3.15 zikatoka. Niliingia kwenye maabara ya Profesa na tarakimu hizo mbili kwenye daftari, nimezipigia mstari mara mbili, najiona nimejiandaa.

Mwanzilishi alinipokea vizuri. Alikuwa na koti safi na maneno yaliyopangika, na nikiri kwamba alijua anachokisema. Wengi niliowahoji kabla yake hawakujua. Alinieleza kuhusu sumaku. Mashine za aina yao, tokamak, huishika plazma, yaani gesi iliyopashwa joto mpaka atomu zake zikavunjika, kwa nguvu ya sumaku kwa sababu hakuna chombo kinachoweza kushika kitu chenye joto la zaidi ya nyuzi milioni 100. Kitovu cha Jua kina kama milioni 15 tu, lakini Jua lina uzito wake mkubwa wa kukandamiza, sisi hatuna, kwa hiyo inabidi tulipe kwa joto. Nguvu ya sumaku ikiongezeka mara 2, akasema, nishati inayoweza kupatikana katika ujazo uleule huongezeka mara 16. Septemba 2021 chuo cha MIT na kampuni ya Commonwealth Fusion Systems walikuwa wameonyesha sumaku kubwa ya aina mpya iliyofika tesla 20 (tesla ni kipimo cha ukali wa sumaku). Ndiyo maana, kwa maoni yake, hakukuwa tena na haja ya kungoja ITER, mradi wa kimataifa wa kujenga tokamak kubwa kule kusini mwa Ufaransa, ambao mataifa yaliutia saini mwaka 2006 na bado ulikuwa unajengwa. Mashine ndogo, sumaku kali, haraka.

Nikawasha kinasa sauti, nikamuuliza: "Lini?"

"Miaka 5," akajibu, hata hajapumua.

Nyuma ya mtungi nikasikia kicheko. Kilikuwa cha mtu anayejizuia asicheke, akashindwa.

Kwa kweli mahojiano yangu yaliishia hapo, ingawa nilikaa mle mpaka usiku. Mtungi ule ulikuwa unavuja. Ili plazma iishi ni lazima hewa itolewe ndani mpaka ibaki chini ya sehemu moja ya bilioni ya hewa ya kawaida, maana atomu za uchafu zikiingia hunyang'anya plazma joto lake na kulitawanya kama mwanga. Pampu zilikuwa zimenguruma tangu asubuhi, na sindano ya geji, inayopima hewa iliyobaki ndani, ilikuwa imeshuka hadi mahali fulani ikagoma. Profesa alikuwa anatafuta tundu. Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu la pete: ilikuwa gasketi, pete ya kuziba kiungo hewa isipite, na mafuta ya ngozi yaliyobaki kwenye alama ya kidole huendelea kutoa mvuke kidogo kidogo ndani ya ombwe, mahali palipotolewa hewa, kwa siku nyingi. Kwa muda ule mchango wangu kwenye nishati ya siku zijazo ulikuwa kuichelewesha.

Njia ya kutafuta tundu ilinishangaza kwa urahisi wake. Unachukua mpira mwembamba unaotoa gesi ya heliamu, unaupitisha polepole nje ya kila kiungo. Atomu za heliamu ni ndogo, hupenya mahali ambapo vingine hukwama, na kwenye hewa ya kawaida hazipatikani ila kwa uhaba mno. Kwenye mtungi imeunganishwa mashine inayonusa heliamu peke yake. Ikilia, umefika. Viungo vilikuwa kama 60. Profesa alipuliza kimoja, akahesabu kimoyomoyo, akasikiliza, akahamia kingine. Nikamuuliza kama naweza kukaa karibu naye. Akaniambia nikae, lakini nisiguse kitu.

"Umekuja na zile tarakimu za Desemba?" akauliza.

Nikamwonyesha daftari kwa fahari.

"Na ya tatu?"

"Ya tatu ipi?"

"Umeme uliovutwa kutoka gridi ili kuwasha zile leza. Kama megajuli 300."

Nikaandika 300 chini ya zile mbili. Ukurasa ukabadilika sura. Megajuli 1.1 ya ziada, niliyoibeba kama kikombe cha ushindi, inatosha kuchemsha lita 3 hivi za maji. Profesa hakusema hayo kwa dharau. Alisema siku ile ya tangazo alilia, kwa sababu ni jambo ambalo watu walilifuata kwa zaidi ya nusu karne na wengine walikufa bila kuliona. Alichokitaka ni kwamba nibebe tarakimu zote tatu, siyo mbili.

Kisha, huku anapuliza, akanipa hadithi mbili. Nimezisimulia mara nyingi tangu siku ile, na kila mara nahisi nazipunguza utamu, kwa kuwa sina mpira wa heliamu mkononi.

Januari 1958, Harwell, Uingereza. Mashine iitwayo ZETA ilikuwa inatoa nyutroni, chembe za ndani ya kiini cha atomu, dalili kwamba viini vinaungana. Waandishi wakaitwa. Wakambana mkuu wa maabara, John Cockcroft, aseme ana uhakika kiasi gani kwamba nyutroni zile zinatokana na joto lenyewe. Akasema asilimia 90. Magazeti yakashangilia. Kabla mwaka haujafika katikati ilibidi warudi nyuma: nyutroni zilikuwa za kweli, lakini chanzo chake hakikuwa kile.

"Cockcroft hakudanganya," akasema Profesa. "Aliulizwa na watu kama wewe, ndugu mwandishi, mpaka akatoa tarakimu."

Ya pili ni ya miaka kumi baadaye. Mwaka 1968, kwenye mkutano wa Novosibirsk, wanasayansi wa Kisovyeti walitangaza kwamba tokamak yao ya Moscow, T-3, imefikia joto ambalo hakuna mwingine aliyelikaribia. Wa nchi za Magharibi hawakuamini. Wasovyeti hawakubishana, waliwakaribisha Waingereza waje wapime wenyewe. Katikati ya Vita Baridi, mwaka 1969, timu kutoka Culham, maabara ya Uingereza, ikapanda ndege na shehena yake ya vifaa, ikafunga leza yake kwenye mashine ya wenyeji, ikapima joto kwa namna mwanga unavyotawanywa na elektroni. Wakakuta nyuzi milioni 10 hivi. Wenyeji walisema kweli. Baada ya hapo maabara moja baada ya nyingine zikaacha miundo yao na kujenga tokamak.

"Swali lako ni bovu," akaniambia, na sauti yake haikuwa na ubaya wowote. "Usiulize lini. Uliza ni nani mwingine amepima."

Nimekuwa nikilitumia swali hilo tangu wakati ule, na limeniharibia mazungumzo mengi. Mtu mmoja wa kompyuta za kwanta alinyamaza sekunde ishirini nzima kisha akasema ana mkutano. Mwingine, wa dawa, aliniletea majibu ya maabara tatu ambazo hazikuwa zake, mojawapo likiwa limempinga, na bado namkumbuka kwa heshima.

Lakini ningekuwa mwongo nikimfanya mwanzilishi yule kuwa mhalifu wa hadithi hii. Jioni nilimkuta koridoni, koti mkononi. Nikamuuliza kwa nini alisema miaka 5 huku Profesa anacheka nyuma yake. Akatazama sakafu kidogo.

"Nikisema sijui, hakuna anayeweka fedha. Fedha zisipokuja, yule mama hana pampu. Nikisema 20, wataniambia nirudi baada ya 15." Kisha akaongeza kitu ambacho sikukitarajia: "Yeye ana ruhusa ya kusema kweli yote kwa sababu mimi nasema sehemu yake."

Sijaamua mpaka leo kama maneno yale ni hekima au kisingizio. Siku nyingine naona hiki, siku nyingine kile. Najua tu kwamba kwenye makala niliandika ile miaka 5, na mstari uliofuata nikaandika kicheko. Mhariri alikikata kicheko kwanza, tulizozana, kikarudi.

Karibu saa tatu usiku mashine ya kunusa ililia. Sauti ilianza nyembamba, ikapanda, na watu wote mle ndani wakageuka kama waliosikia mtoto akilia. Tundu lilikuwa kwenye kiungo cha chini kabisa, mahali ambapo mtu hafiki ila kwa kulala chali. Kijana mmoja fundi akaingia na spana, akakaza bolti moja, kisha ile inayoitazama, kisha nyingine, kwa kuruka, ili shaba ibanwe sawasawa pande zote. Sauti ikashuka. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote, kwa ahueni kwamba kile hakikuwa kiungo cha pete niliyoishika.

Profesa hakupiga makofi. Alikuwa anaitazama geji. Sindano ilishuka, ikashuka tena kidogo, ikasimama.

"Kuna jingine," akasema.

Mwanzilishi alikuwa amerudi ndani. Alitundika koti lake kwenye kitasa cha mlango, akakunja mikono ya shati, akavaa glavu.

"Profesa," akauliza, "kwa hiyo tunawasha lini?"

"Shika mpira," akamjibu, akarudi kupiga magoti kwenye kiungo cha kwanza.