Mazoea ya korosho yaliniulia mbegu 200 za mwaloni

Mimi ni mtoto wa Masasi. Kwetu mbegu ya korosho unaianika, unaitia kwenye gunia, na mvua zikikaribia unaitoa unaipanda. Haikuharakishi. Basi mwaka 2012, nikiwa na kipande cha ardhi nje kidogo ya Columbia, jimbo la Missouri, Marekani, nilizifanyia mbegu za mwaloni hivyo hivyo. Nilizianika barazani wiki mbili, nikazihifadhi, nikazipanda mwezi Machi. Kati ya 200 haikuota hata moja.

Mwaloni wengi wetu tunaujua kwa Biblia tu, ile mialoni ya Mamre. Huku ni mti wa kila siku. Karibu na McBaine, si mbali na kwangu, upo mmoja unaokadiriwa kuwa na miaka 350 hadi 400. Oktoba 2020 ulipigwa na radi ukawaka moto kwa ndani, zimamoto wakaja kuuzima, na baada ya hapo uliendelea kutoa majani. Ni wa aina ya macrocarpa, yenye matunda makubwa kuliko mialoni yote ya Amerika Kaskazini. Tunda lenyewe linakaa kwenye kikombe chenye manyoya ukingoni, kama kofia ya sufu. Tatizo ni kwamba mti huo ukiupanda kwa mbegu unaweza kusubiri miaka 20 au zaidi ndipo uonje. Nilikuwa na miaka 46. Nikapiga hesabu, sikuipenda.

Ndipo nikaanza kutafuta machotara. Kwenye mabonde ya mito huku macrocarpa inaota jirani na ndugu yake bicolor, unaovumilia ardhi yenye maji, na upepo unawachanganyia chavua bila kumwomba mtu ruhusa. Baadhi ya watoto wao huzaa mapema sana kuliko wazazi. Wa kwangu niliupata nyuma ya ghala moja la nafaka. Matunda yalining'inia kwenye vikonyo virefu kama kidole changu cha kati, hiyo ni alama ya bicolor, lakini vikombe vilikuwa na yale manyoya ya macrocarpa. Nilisimama pale kama mtu aliyekutana na mtoto mwenye macho ya baba na mwendo wa mama.

Oktoba 2013 niliokota 140. Safari hii nilizitumbukiza kwenye ndoo ya maji siku hiyo hiyo. Zinazoelea nyingi zimeliwa na fukusi au zimekauka ndani; zilizozama zilikuwa 90 na kitu. Na kosa langu la kwanza nilishalijua: mbegu ya mwaloni ikikauka imekufa. Tena mialoni ya kundi hili, mialoni myeupe, haingoji hata baridi ipite, inatoa mzizi vuli hiyo hiyo mara tu baada ya kuanguka. Kindi wa huku wanalijua hilo kuliko nilivyolijua mimi. Kindi akitaka kuifukia akiba yake huing'ata kwanza ncha na kukiua kiini, isije ikamwotea chini ya udongo.

Nusu nilizipanda kwenye sanduku la mbao lenye wavu wa chuma chini na juu, nikaliinua kwa matofali. Mzizi mkuu ukifika kwenye wavu unakutana na hewa, ncha inakauka, mche unalazimika kutoa mizizi ya pembeni. Nusu nyingine nilizitia kwenye friji ndani ya maranda yenye unyevu. Kufikia Krismasi zile za friji zilikuwa zimetoa mizizi myeupe iliyosukana kama tambi, na kuitenganisha bila kuikata ilikuwa kazi ya kutoa jasho. Sanduku lilishinda kwa mbali.

Miche 52 iliingia shambani mwaka 2015. Yote niliivalisha bomba la plastiki la mita moja na nusu, maana kulungu hapa wanatembea kama mbuzi wa kijijini. Minane niliipunguzia bomba mapema kwa kuona huruma ya kiangazi. Yote minane ililiwa.

Mti namba 11 ulizaa vuli ya 2020, matunda tisa. Niliyahesabu mara tatu. Mwaka uliofuata sikupata kitu: baridi ilirudi mwishoni mwa Aprili, maua yakiwa ndiyo kwanza yanafunguka, yakawa meusi kwa usiku mmoja. Mwaka 2022 ukajaza ndoo ya lita nne. Kufikia 2023 ilikuwa imezaa 17 kati ya 44. Mingine imemfuata bibi yake macrocarpa, minene, mizuri, haina hata dalili. Ndiyo mbegu ya chotara, kila mtoto na bahati yake.

Mjomba wangu wa Masasi alicheka kwenye simu. "Sasa mjomba, umesahau kubebesha?"

Sikuwa nimesahau. Kubebesha ni kuunganisha kijiti cha mti unaoutaka juu ya mche mwingine. Februari 2021 nilikata vijiti vya namba 11, nikavitunza kwenye friji, na miche ilipoamka nikabebesha 15 kwa mkato wa kabari, ule ule wa kwenye mikorosho. Tisa vilishika, nikajisifu. Kumbe miche ya chini niliyonunua ilikuwa ya kundi jingine, mialoni myekundu, na makundi haya mawili hayaelewani. Kiangazi cha pili majani yakageuka njano, kisha upepo mmoja ukavivunja pale pale kwenye kiungo, safi, kama biskuti. Mwaka 2023 nilibebesha kwenye miche iliyotokana na mbegu za namba 11 yenyewe. Kumi bado imesimama.

Mavuno tunakula. Tunda lina tanini, ukilitafuna bichi ulimi unakauka kama umelamba ganda la ndizi mbichi. Tunabangua, tunasaga, tunaloweka kwenye mitungi ya kioo na kubadilisha maji asubuhi na jioni mpaka uchungu uishe. Kwa mti wangu ni siku tano. Marehemu bibi angeielewa kazi hii bila kuelezwa, alikulia kwenye hadithi za ndiga, kiazi pori chenye sumu kilicholiwa wakati wa njaa, ikilowekwa mtoni kwa siku kadhaa. Kuchemsha ni haraka zaidi, ila unga uliochemshwa haushikani tena. Nauchanganya nusu kwa nusu na unga wa ngano kwa chapati. Zinatoka za kahawia, na harufu yake inakaribia ile ya karanga.

Droo ya chini ya friji sasa hivi ina mifuko minne ya mbegu za namba 11. Mke wangu ameuliza mara mbili mchicha wake utakaa wapi.