Shaba ya Mlangoni Songea

Picha ya kidude cha shaba ilinifikia kwa WhatsApp na swali moja: "Kaka, hizi alama za Mjerumani zinasemaje?" Aliyeituma ni kijana wa Songea aliyesikia kwamba nakusanya risasi kuukuu na kuziandikia kumbukumbu. Kule kusini kila chuma kikongwe ni cha Mjerumani, na kila alama isiyosomeka ni ramani ya rupia zilizofukiwa. Nikaikuza picha. Alama mbili za kwanza zilikaa kama mapaa ya vibanda viwili vilivyojengwa ubavu kwa ubavu. Nikamwambia asiiguse, asiifungue, wala asimwonyeshe mnunuzi wa chuma chakavu. Nakuja.

Mapaa yale ni nane na nane kwa Kijapani. Kitu chenyewe kilikuwa fyuzi ya Aina ya 88, ambayo haina uhusiano wowote na umeme: ni ile inayofungwa kwenye pua ya kombora ili lilipuke likigonga. Wajapani waliitumia kwenye mizinga yao midogo, ukiwemo ule wa milimita 70 waliouburuta hadi milimani Burma.

Na Burma ndiko alikopigana babu wa kijana yule. Mzee alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, batalioni ya 36, askari wa Tanganyika ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wale wenye kichwa cha kifaru begani. Mwaka 1944, Wajapani waliposhindwa Imphal, mji wa India karibu na mpaka wa Burma, na kurudi nyuma kwa njaa na maradhi, divisheni hiyo iliwafuata kwenye Bonde la Kabaw katikati ya masika, ikaingia mji wa Kalewa mapema Desemba. Njiani kulitapakaa silaha na shehena za risasi zilizoachwa. Askari akiokota kidude cha shaba kinachong'aa, nani angemkataza?

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kuchukua dhahabu yetu?"

Binti wa marehemu, mtu mzima wa kuheshimika, alikuwa ameketi mkekani anachambua mchele. Fyuzi ilikuwa pale pale ilipokaa miaka yote, chini ya mlango wa ukumbini, ikizuia upepo usiubamize. Wajukuu walikua wakiipiga teke.

Nikalala kifudifudi na tochi. Kijana akataka kuniinulia nione vizuri, nikamkemea mbele ya shangazi yake, na sijutii. Fyuzi za Kijapani hufungiwa chini yake kikopo kidogo cha kilipuzi, na hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta. Kingekuwa hakipo ningepumua kidogo, kidogo tu, maana ndani ya fyuzi yenyewe huweza kubaki fataki, kile kilipuzi kidogo cha kuwashia. Kilikuwepo. Kimekaza, na kutu ya kijani imekizunguka kwenye uzi wa skrubu. Puani hakuna palipobonyea, kwa hiyo yaelekea haikuwahi kufyatuliwa. Ilikuwa kwenye akiba ya mtu aliyekimbia.

Nikaweka rula sakafuni, mbali nayo kiasi cha kiganja, nikaanza kupiga picha kila upande bila kuisogeza. Taa ya ubavuni huonyesha maandishi kuliko taa ya juu. Mwanga ukilala, michoro inasimama. Hapo tarehe ikajitokeza: alama ya Showa, enzi ya mfalme wao Hirohito, kisha kumi, kisha saba. Showa unaiongezea 1925, unapata 1942. Lakini ile 88 si ya Showa. Hiyo ni kalenda nyingine, ya kuhesabu tangu dola yao ianze kwa imani yao: mwaka 2588, yaani 1928, fyuzi hii ilipokubaliwa jeshini. Kipande kimoja cha shaba, kalenda mbili. Wakusanyaji wachanga huzichanganya, wakapata Showa 88, mwaka ambao haukuwahi kuwepo, kwani enzi ile iliishia 64.

Mama akaleta na kopo la biskuti. Ndani mlikuwa na vifungo, nishani moja, na ganda la risasi ambalo familia ilisema lilitoka kwenye bunduki ya mzee mwenyewe. Hilo nililishika, lilikuwa tupu na fataki yake imeshadungwa. Nikaligeuza. Kitakoni hapakuwa na herufi hata moja. Ganda la Mwingereza lina ukingo uliochomoza na huchapwa alama za kiwanda na mwaka. Hili lilikuwa halina ukingo uliochomoza, urefu milimita 58 kwa kalipa yangu. Ni la bunduki ya Kijapani ya Aina ya 99. Jeshi lao la nchi kavu halikuwa na desturi ya kuchapa vitako vya risasi za bunduki, likitofautisha aina kwa pete ya rangi shingoni: waridi kwa ya kawaida, nyeusi kwa ya kutoboa chuma. Shingoni palibaki mabaki ya waridi.

"Kwa hiyo hii walimpigia baba?" akauliza.

"Walipiga, mama. Walimkosa."

Akacheka, akaendelea na mchele.

Tulipiga simu polisi, nao wakaita wataalamu wa mabomu wa jeshi. Waliibeba fyuzi ndani ya sanduku la mchanga, ikalipuliwa machimboni. Rafiki yangu mkusanyaji alilalamika kwamba nimeacha kipande kizuri kiteketezwe. Picha zake ninazo, vipimo ninavyo, tarehe ninayo. Angetaka niweke nini kingine rafuni, mkono wangu?

Ofisa aliyekuja alijaza fomu yake akiwa amesimama. Kwenye asili ya kifaa akaandika "Mjerumani". Nikamwambia, afande, hii ni Japani, nikamwonyesha yale mapaa mawili kwenye simu. Akatazama, akanitazama, akafikiri. Kisha akaandika mbele yake, bila kufuta kitu: "au Mjapani".