Tulivyopigana vita vya Ulaya kwa njahi na ndengu

Kila nikisema nimewaweka watu saba wazima kwenye mchezo mmoja wa vita kwa kama miezi miwili bila hata mmoja kutoroka moja kwa moja, mtu huniuliza nilinunua kompyuta gani. Sikununua kompyuta. Nilinunua nafaka, ramani ya karatasi na kadi za simu, na ninaona fahari kusema hivyo kwa sababu ushauri niliopewa mwanzoni ulikuwa wa kunipoteza kabisa.

Fundi mmoja wa kompyuta mjini ndiye aliyeniambia mchezo wa vita lazima uwe wa kasi, la sivyo watu watachoka. Nikamsikiliza. Tukaanza na Age of Empires II, Jumamosi saa mbili usiku, kila mtu kwake: Umoja, Rongai, Kahawa West, South B, Kasarani, mimi Githurai, na mmoja anafanya kazi Doha. Ni mchezo mzuri, sina neno nao, ila una jambo moja ambalo fundi hakunieleza. Kila mashine huhesabu vita vyote yenyewe, na mashine zote zinapaswa kwenda sambamba. Laptopu moja iliyochoka ikianza kukokota, wote mnakokotwa nayo. Ya Rongai ilikuwa imechoka. Wapanda farasi wangu walikuwa wanainua mguu mmoja, wanasimama, halafu wanainua mwingine. Saa tatu kasorobo stima ikapotea Kahawa West, na Wi-Fi ya ploti ikaenda nayo. Tulijaribu Jumamosi tatu na hatukumaliza vita hata kimoja.

Hapo nikageuza wazo lote. Nikatafuta mchezo usiojali kasi, nikaukuta ule wa Diplomacy, uliobuniwa na Mmarekani Allan Calhamer na kuanza kuuzwa 1959. Ramani ni ya Ulaya kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza. Mataifa ni saba, nasi tulikuwa saba. Hakuna dadu wala karata. Kila mtu anaandika amri zake kwa siri, zinafunguliwa kwa pamoja, na jeshi moja lina nguvu sawa na jeshi lingine lolote. Ukitaka kumtoa adui mahali, lazima jeshi la pili likuunge mkono, na mara nyingi hilo la pili ni la jirani. Kwa hiyo kazi yenyewe ni kuongea na watu. Kilichonishawishi hasa ni kwamba watu walianza kuucheza kwa barua za posta tangu 1963. Mchezo uliovumilia posta utavumilia stima ya Kahawa West.

Kuna tovuti za kuuchezea bure, nasi tulianza huko. Ikashindikana kwa sababu mbili. Ramani kwenye simu ndogo haisomeki, na wawili wetu mara nyingi huwa na bando ya WhatsApp pekee. Kisha nikafanya kosa la saa. Niliandika kwenye grupu: "Mwisho wa amri ni saa 3 usiku." Mimi nilimaanisha saa tatu, mchana umekwisha na watu wamekula. Wa Doha anaishi kwa saa za kazini, akasoma 3 akajua ni saa tisa alfajiri. Saa za Doha na za Nairobi ni zilezile, kwa hiyo wala hakuona cha kuuliza. Amri zake hazikuingia, na asiyetoa amri majeshi yake husimama tu. Alikuwa anacheza kama Ufaransa, na Ujerumani akaingia Burgundy bila kupigwa hata kofi. Tangu siku hiyo naandika "saa tatu usiku, yaani 21:00" kila mara, hata kwa mtu aliye mtaa wa pili. Nawe fanya hivyo.

Tukaanza upya, kwa njia yetu. Dada yangu mdogo, asiyecheza, akawa mwamuzi. Nilipeleka ramani ikachapishwa A3 ya rangi pale saiba, kama shilingi mia moja hivi, tukaibandika kwenye kipande cha mbao. Kisha nikaenda kibandani nikapimiwa kidogo kidogo: njahi za Ujerumani, ndengu za Italia, mahindi ya Urusi, njugu za Ufaransa, kunde za Uingereza, mbaazi za Uturuki, na maharagwe ya manjano yangu mimi, Austria. Zote hazikufika mia tatu. Kutofautisha jeshi la nchi kavu na manowari kulitusumbua mpaka dada yangu alipoleta vifuniko vya soda. Punje iliyokaa ndani ya kifuniko ni manowari, punje tupu ni jeshi. Ukipiga picha kutoka juu, hata kwenye simu ya skrini iliyopasuka unaona kila kitu.

Amri zilimfikia dada yangu kwa SMS, kwa kifupi: "J Vienna – Galicia", "M Ankara – Bahari Nyeusi". J ni jeshi, M ni manowari. SMS haihitaji bando, na ukituma mbili, ya mwisho kabla ya saa tatu ndiyo inayohesabiwa. Mchezo una zamu mbili kwa mwaka, ya majira ya kuchipua na ya majani kupukutika. Sisi tukaziita masika na vuli, na miezi inakaribiana. Masika Jumatano, vuli Jumapili, kurudi nyuma na kuunda majeshi mapya ni Jumatatu. Wiki yetu moja ikawa mwaka mmoja wa vita, kuanzia 1901.

Sasa niseme kuhusu vuli ya 1903, maana usiku ule karibu univunjie kundi. Urusi wetu, ndugu yangu wa Rongai, alikuwa na manowari Sevastopol, na jeshi lake la Ukraine likiiunga mkono. Uturuki alitaka kuingia kutoka Bahari Nyeusi, nami nikakubali kumsaidia kutoka Rumania. Lakini wawili kwa wawili ni sare, hakuna anayesogea. Nikakaa na ile ramani mpaka ugali ukapoa. Ndipo nikaona: anayeunga mkono akishambuliwa, msaada wake unakatika, hata kama aliyemshambulia hashindi. Nikatuma jeshi langu la Galicia likaigonge Ukraine. Halikuingia. Lakini msaada ulikatika, Sevastopol ikabaki peke yake mbele ya wawili, ikaanguka.

Saa tatu na dakika kumi picha ikatumwa. Saa tatu na robo Urusi akatoka kwenye grupu.

Wengine waliniambia nimwache, atarudi. Mwingine akapendekeza tupige marufuku mazungumzo ya faragha, kila kitu kisemwe hadharani ili tusikosane. Huo ni ushauri mbaya kupita ule wa fundi, kwa sababu mazungumzo ya faragha ndiyo mchezo wenyewe. Jumamosi nikapanda matatu hadi Rongai. Tulikaa nje ya nyumba yake, akanyamaza kitambo, halafu akasema, "Kaka, Galicia si kitu. Uliniapia kwa mama yako."

Ilikuwa kweli. Nilimwandikia hivyo Ijumaa. Nikamwomba msamaha, nikaweka sheria hapohapo na kuituma kwenye grupu: danganya kuhusu majeshi upendavyo, lakini hakuna kuapa kwa Mungu, kwa mzazi wala kwa mtoto. Akarudi jioni hiyo. Mpaka mwisho hakuna aliyetoka tena.

Kushinda peke yako kunataka maeneo 18 kati ya 34 yanayohesabiwa. Hakuna aliyefika. Vuli ya 1909 tukabaki Uturuki, Uingereza na mimi, tukakubaliana sare kwa simu moja ya watu watatu. Urusi alikufa 1906, lakini alisoma picha ya kila zamu hadi siku ya mwisho na kumpa Uingereza mashauri dhidi yangu.

Jumatano hii ni masika ya 1901 tena. Tumepiga kura za mataifa: yeye amepata Austria, mimi Italia, na ameshanitumia ujumbe kuhusu Trieste.